Kanisa Likitoka Nje

Mazungumzo ya redioni kwa juma la Kupaa kwa Bwana
Masomo: Luka 24:50–53, Matendo ya Mitume 1:6–12

 

Alhamisi ya juma hili ni Siku ya Kupaa kwa Bwana, siku ya arobaini tangu Pasaka. Wengi wetu itatupita bila habari. Kwetu Kenya si sikukuu ya serikali. Watoto watakwenda shule, matatu zitajaa kama kawaida, na mkulima atakuwa shambani akipalilia mahindi kati ya mvua na mvua. Jumapili mchungaji ataitaja kidogo, kisha sote tutaanza kungoja Pentekoste.

Nataka leo tufikiri juu ya jambo moja dogo katika masomo haya, ambalo ni rahisi kulipita tukisoma kwa haraka. Yesu hakuwaaga wanafunzi wake hekaluni, wala katika kile chumba cha juu walichokizoea. Luka atueleza ya kwamba aliwachukua akawatoa mjini, hata upande wa Bethania. Baraka ya mwisho waliyoipata kutoka mikononi mwake waliipokea wakiwa mlimani, juu ya udongo, bila dari juu ya vichwa vyao. Siku ya Kupaa ni sikukuu iliyozaliwa nje.

Wako Wakristo wanaoikumbuka siku hii kwa kutoka nje kwelikweli. Nao si watu wa nchi za joto kama zetu, ambapo kukaa chini ya mti ni jambo la kila siku. Ni Walutheri wa Uswidi, kule kaskazini ya Ulaya. Nitawasimulia habari zao, na mwishoni mtaona kwa nini zinatuhusu, kwa maana kati ya watu hao na mji wa Kisii iko njia iliyonyoka.

Lakini kwanza lazima mfahamu majira ya nchi ile. Sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa Ikweta tumezoea mchana wa saa kumi na mbili na usiku wa saa kumi na mbili, mwaka mzima, kana kwamba Mungu amepima kwa kibaba. Kule sivyo. Katika mji mkuu wao, Stockholm, mchana wa mwezi wa Desemba ni wa saa sita tu. Mtoto huenda shule gizani na kurudi gizani. Ukizidi kwenda kaskazini hata Kiruna, kwa majuma matatu hivi jua halichomozi kabisa. Kisha mambo hugeuka. Mwezi wa Juni, Stockholm hupata mchana wa saa zaidi ya kumi na nane, na Kiruna jua halitui tangu mwisho wa Mei hata katikati ya Julai. Mtu aliyekaa miezi mitano ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa na theluji imejaa mlangoni, mwanga huo ukirudi hawezi kukaa ndani tena. Hutoka kama ndama aliyefunguliwa zizini.

Basi mwaka wa kanisa kule umefumwa pamoja na giza na nuru. Wanayo ibada mbili za alfajiri ambazo ni kama dada wawili. Ya kwanza ni ya Krismasi, na kwa Kiswidi huitwa julotta. Zamani watu walitoka vijijini saa kumi au kumi na moja alfajiri, wakipita katika theluji kwa magari yasiyo na magurudumu, yavutwayo na farasi, na mikononi mwao wameshika mienge. Walipofika uani mwa kanisa waliitupa mienge mahali pamoja, ukawaka moto mkubwa, nao wakaingia ndani ambamo mishumaa ilikuwa ikingoja. Siku hizi ibada hiyo mara nyingi huanza saa moja asubuhi, na watu huja kwa motokaa, lakini giza ni lile lile.

Dada wa pili ni ibada ya Siku ya Kupaa. Huitwa gökotta. Neno otta ni saa zile za mapema sana, kabla watu hawajaamka, na gök ni jina la ndege, yule ambaye kwa Kiswahili huitwa kekeo. Siku ya Kupaa huangukia kati ya tarehe 30 Aprili na tarehe 3 Juni, na kule Uswidi ni sikukuu ya nchi nzima, kazi zimefungwa. Katikati ya Mei jua limekwisha chomoza kabla ya saa kumi na moja. Watu huamka, huvaa makoti (kwa maana baridi ya asubuhi bado ina meno), hutia kahawa katika chupa, hufunga mikate, na kwenda msituni, au kilimani, au kando ya ziwa, kumsikiliza kekeo akilia.

Labda unauliza, ndege anahusu nini na Kupaa kwa Bwana? Kusema kweli, hapo mwanzo hakuhusu kitu. Ni kwamba kekeo hurejea Uswidi mwezi wa Mei, na Siku ya Kupaa huangukia wakati uo huo. Na hurejea kutoka wapi? Hapa ndipo nilipofurahi niliposoma. Hurejea kutoka Afrika. Katika miaka ya 2010 wataalamu waliwafunga ndege hawa vyombo vidogo sana vinavyofuatwa kwa setilaiti, wakaona ya kwamba kekeo wa nchi zile za kaskazini hupitisha majira yao ya baridi katika nchi za Kongo na Angola. Yaani ndege ambaye Mswidi anaamka alfajiri kumsikiliza, ametoka huku kwetu. Sisi nasi tuna kekeo wetu, yule mwenye kifua chekundu, anayelia sauti tatu zikishuka, naye mkulima wengi wa nyanda za juu akimsikia hutazama mawingu na kutafuta jembe. Wote wawili hutangaza majira. (Ila katika malezi tusiwaige. Kekeo hutaga yai lake katika kiota cha ndege mwingine na kwenda zake.)

Waswidi wa kale walikuwa na imani juu ya sauti hiyo. Ikitoka kaskazini, walisema ni huzuni. Ikitoka kusini, ni kifo. Mashariki ilikuwa faraja, na magharibi ndiyo bora kupita zote. Hata hivyo yasemekana mtu mwerevu aliweza kuzunguka msitu mbio, ili ndege awe upande wa magharibi! Tusiwacheke. Wengi wetu bado tunasita njiani akilia bundi.

Kanisa lilipoikuta desturi hii lilifanya nini? Mhubiri mwingine angesimama mimbarani na kuikemea. Shariki nyingi zilichagua njia nyingine: zilikwenda nazo msituni. Mahali palipokuwa na ndege na kahawa, zikaleta na Neno. Leo ukisoma tangazo la ushirika kule utaona limeandikwa saa na mahali, pengine kwenye magofu ya kanisa la kale, pengine kwenye kilele kinachotazama ziwa, na ya kwamba kila mtu aje na kikapu chake na kitu cha kukalia. Ibada yenyewe ni fupi. Kuna tarumbeta chache au kodiani, kwa kuwa kinanda cha kanisa hakibebeki. Husomwa habari ya Kupaa, hutolewa mahubiri yasiyo marefu, huimbwa nyimbo za kiangazi ambazo kila mtoto wa Kiswidi anazijua, hutolewa baraka, na chupa za kahawa hufunguliwa. Kisha watu hukaa. Kukaa huko, wapendwa, ni sehemu ya ibada. Jirani aliyekaa karibu nawe kanisani miaka kumi bila kusema neno, hapo atakuomba sukari.

Na msitu ni wa nani? Mara nyingi si wa kanisa. Uswidi wanayo desturi ya zamani waiitayo haki ya kila mtu: mtu yeyote aweza kupita na kupumzika katika msitu wa mwingine, mradi asiharibu mali, asikanyage mazao, wala asikaribie ua wa nyumba. Tangu 1994 haki hiyo imetajwa katika katiba yao. Katika nchi ambayo ua wa seng'enge ndiyo salamu ya kwanza ya jirani, nakiri niliposoma habari hiyo nilitamani kidogo.

Wengine watasema, hiyo si ibada, ni matembezi ya sikukuu tu. Nami siwezi kusema ya kwamba hawana neno. Kanisa la Uswidi lilitengana na serikali mwaka 2000. Walioandikwa vitabuni mwake bado ni mamilioni, lakini Jumapili ya kawaida viti vingi huwa vitupu. Wako wanaokwenda msituni Siku ya Kupaa na hawaonekani tena hata Krismasi. Je, wamekuja kwa Bwana au kwa ndege? Mungu ajua. Lakini kabla hatujawahukumu, ni lazima tujue jambo ambalo hata Waswidi wengi wanaokunywa kahawa pale hawalikumbuki.

Kulikuwa na wakati ambapo kukusanyika kwa namna ile kulikuwa kosa la kuadhibiwa.

Mwaka 1726 mfalme wa Uswidi alitoa amri dhidi ya mikutano ya faragha ya kidini. Baba aliruhusiwa kusoma Biblia na kuomba pamoja na mkewe, watoto wake na watumishi wa nyumba yake. Lakini jirani akiingia kusikiliza, na jirani wa pili, ukawa mkutano usio wa nyumba moja wala haukuongozwa na kasisi, hapo sheria ilikuwa imevunjwa. Adhabu zilikuwa faini, kifungo, hata kufukuzwa nchini. Haikuwa anga ya Mungu iliyokatazwa, bali watu kukutana chini yake na kufunguliana Neno wao kwa wao. Na amri hiyo haikutolewa na maadui wa kanisa. Ilitolewa na Walutheri juu ya Walutheri.

Ni vema tuwatendee haki wakuu wale. Waliogopa mafundisho ya uongo, na waliogopa fujo. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo Walutheri wote hulishika, lasema katika sehemu yake ya kumi na nne ya kwamba asifundishe mtu hadharani katika kanisa bila kuitwa kwa utaratibu. Ni neno jema, nasi tulioona manabii wa barabarani wakikusanya sadaka na kutoweka twaelewa sababu yake. Lakini ua uliojengwa kumzuia mbwamwitu waweza pia kuwazuia kondoo wasifike majini.

Luther mwenyewe angesemaje? Tarehe 5 Oktoba 1544 aliitwa mji wa Torgau kuhubiri katika ufunguzi wa kanisa jipya la ngome. Siku ya kufungua kanisa, wapendwa, mnajua mahubiri yake. Huwa ni sifa za jengo, shukrani kwa kamati, na deni lililobaki. Luther alifanya kinyume. Aliwaambia ya kwamba kazi ya nyumba ile ni moja: Bwana aseme nasi kwa Neno lake, nasi tumjibu kwa sala na sifa. Tena akasema ya kwamba ikilazimu, mtu aweza kuhubiri hata huko nje penye kisima, au mahali pengine popote. Huyo ndiye mtu ambaye kwa jina lake wengine walikuja kutozwa faini kwa kuomba nje ya jengo.

Norwe ilikuwa na amri kama hiyo, ya mwaka 1741, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya mfalme wa Denmaki. Huko alitokea kijana mkulima, jina lake Hans Nielsen Hauge. Tarehe 5 Aprili 1796, siku mbili baada ya kutimiza miaka ishirini na mitano, alikuwa shambani kwa baba yake akilima kwa plau huku akiimba wimbo wa kanisa. Hapo katikati ya mifereji alikutana na Mungu kwa namna ambayo hakuweza kuinyamazia. Hakuwa kasisi. Alianza kwenda kwa miguu, kijiji kwa kijiji, akifuma soksi njiani ili mikono isikae bure, akiwakusanya watu majumbani na maghalani na popote palipokuwa na nafasi. Alikamatwa mara nyingi. Mwaka 1804 walimfunga, na kesi yake ikakaa miaka kumi. Na lipo jambo ambalo mimi hulicheka kwa huzuni: mwaka 1809, vita vilipoziba bahari na nchi ikakosa chumvi, wakuu walimtoa gerezani kwa muda ili awajengee viwanda vya kuchemsha chumvi, kwa maana alijulikana kuwa fundi wa mambo. Kazi ilipokwisha wakamrudisha kifungoni. Alitoka 1811, akahukumiwa faini kubwa 1814, na akafa 1824, afya yake imekwisha haribika. Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 1842, Norwe ilifuta ile sheria. Mwaka uo huo katika mji wa Stavanger iliundwa Jumuiya ya Misheni ya Norwe, na wafuasi wa Hauge walikuwa miongoni mwa waliotia mkono.

Uswidi ilichelewa. Watu waliokutana kusoma walipewa jina la kudharauliwa, ‘wasomaji’, nao wakalichukua jina hilo kama pambo. Miongoni mwa waliowalisha alikuwa Carl Olof Rosenius, ambaye hakuwahi kuwekewa mikono kuwa kasisi, lakini gazeti lake dogo lilisomwa vijijini kote. Mwaka 1856 yeye na wenzake walianzisha chama cha kueneza Injili ndani ya Kanisa la Uswidi, na miaka miwili baadaye, 1858, ile amri ya 1726 ikafutwa. Ilikuwa imetawala miaka 132. Mara watu wakajaa nje! Walijenga nyumba ndogo za sala, na wakati wa kiangazi walifanya mikutano ya misheni chini ya miti, mabenchi ya mbao yakiwa yamepangwa majanini. Akina mama walifuma na kuoka, vitu vikauzwa kwa mnada, na fedha zikaenda kwa watu ambao hawakuwaona kamwe kwa macho.

Sasa twafika Kisii. Mwaka 1911 baadhi ya watu wa chama kile walitoka wakaunda chama chao kingine, jina lake kwa Kiswidi Bibeltrogna Vänner, maana yake marafiki walio waaminifu kwa Biblia. Chama hicho ndicho kilichotuma wamisionari kuja Kenya mwaka 1948, wakaanza kazi Wanjare, mahali paitwapo Itierio, katika nchi ya Wagusii. Kutoka hapo limekua kanisa la Kilutheri ambalo wengi wenu mnalijua. Basi waliokuja kwetu na Biblia mkononi walikuwa wajukuu na vitukuu vya watu ambao kwao kukutana nje ya kuta kulikuwa hatia. Hii ndiyo njia iliyonyoka niliyoitaja.

Na sisi wenyewe twaijua hadithi hii kwa ngozi yetu. Ndugu wa Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda na kuingia Kenya mwaka 1937 walikutana chini ya miti na nyuma ya nyumba, na wakuu wengi wa makanisa waliwatazama kwa wasiwasi. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, wazee wetu wa nyanda za kati walijifunza kukusanyika bila kibali ni kitu gani. Wengi wetu tulibatizwa katika makanisa yaliyoanza kivulini. Hatukuhitaji ndege atuite nje. Nje ndiko tulikokuwa.

Ndiyo sababu nawaletea neno hili kwa moyo mzito kidogo. Naujua ushirika mmoja ulioanza chini ya mkuyu kando ya soko. Mimi mwenyewe nilifundisha pale nikiwa mwinjilisti kijana, ubao umeegemezwa shinani. Mvua ilipokuja tulitawanyika, ilipokwisha tukarudi. Baadaye tukapata mabati. Baada ya harambee nyingi tukajenga kwa mawe, na baada ya wezi kuiba viti tukajenga ukuta, na lango, na kumweka mlinzi. Sikupinga. Nilitoa mchango wangu kama wengine.

Siku moja nilinunua mboga kwa mama mmoja ambaye amekaa sokoni pale tangu siku za mkuyu. Soko letu lina nguvu zaidi siku ya Jumapili. Akaniambia, “Mwalimu, zamani nilikuwa nikifunga sukuma wiki huku naimba pamoja nanyi. Mahubiri nayasikia, sala nayasikia. Siku hizi nasikia spika tu, maneno hayashikiki.”

Nikamjibu, “Lakini mama, lango li wazi. Karibu ndani.”

Akatazama mafungu yake ya mboga, akasema, “Li wazi, Mwalimu. Na mzigo huu nimwachie nani?”

Sikuwa na jibu. Nilichukua chenji yangu nikaenda. Miaka yote ile nilidhani ya kwamba tulikuwa nje kwa sababu tulikuwa maskini, na ya kwamba kuingia ndani kulikuwa kupandishwa cheo na Mungu. Sikujua ya kwamba palikuwa na mshiriki ambaye hakuandikwa kitabuni, na ya kwamba siku tuliyokata utepe ndiyo siku tuliyomfungia nje.

Sisemi tubomoe kuta. Tazameni tena somo letu. Wanafunzi hawakukaa mlimani. Walipobaki wamekodoa macho juu, wale wawili waliovaa nguo nyeupe waliwauliza wanasimama pale wakitazama nini, nao wakashuka wakarudi Yerusalemu, kama mwendo wa sabato, yaani safari fupi ambayo mtu aliruhusiwa kutembea siku ya mapumziko. Na Luka amaliza kitabu chake kwa kusema walikuwa hekaluni daima. Kwa hiyo wote wawili, mlima na hekalu, wana siku zao. Waswidi nao, kahawa ikiisha, hukunja mablanketi na kurudi. Lakini walitoka. Mara moja kwa mwaka angalau, walitoka mpaka mahali ambapo mtu asiyekuwa na nia ya kuja kanisani angeweza kuwakuta.

Mwezi uliopita nilileta jambo hili mbele ya wazee wa kanisa letu. Haikuwa rahisi. Mmoja aliuliza kama tutaomba kibali kwa chifu. Mwingine aliuliza viti vitabebwa na nani. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, ambaye kwa kawaida hasemi sana, aliuliza ni lini mara ya mwisho sisi kukaa juu ya majani na kama tumesahau namna yake. Hapo tukapitisha. Alhamisi hii, saa kumi na moja jioni, soko likiwa bado halijafungwa, tutakuwa chini ya mkuyu ule. Hatutachukua spika. Kila mtu atakuja na kitu cha kukalia, na akina mama wataleta chai katika chupa. Mvua ikinyesha, tutanyeshewa, kama zamani.

Na tuombe.

Ee Bwana uliyewatoa rafiki zako mjini ili uwabariki, twakushukuru kwa ajili ya wale waliolipa faini na kukaa gerezani kwa sababu walikutana kusoma Neno lako. Uwakumbuke walio sokoni Jumapili kwa kuwa watoto wao lazima wale. Umkumbuke mama yule na mzigo wake, na uturuhusu tukae karibu naye jioni ya Alhamisi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.